Mbuzi wa Kumposea Mama

...wapokelewe, nitasema wapokelewe, neno moja, mizani tano, haliwezi kuwa zito kuliko kinywa kilicholibeba tangu alfajiri, nitasimama mbele ya wazee na Mjomba Mbaluka, kaka yake mama, atauliza kama desturi inavyomtaka aulize, mbuzi hawa tuwapokee au tusiwapokee, swali ambalo huulizwa binti mwenyewe hali ameinamisha uso, na kwa kuwa binti mwenyewe amelala mochari na pamba zimeziba pua zake, ataulizwa mtoto wake wa kwanza, ndivyo Mjomba alivyoamua kwa simu juzi, bila ukali, kama mtu asomaye sheria aliyoikuta, mwenye kinywa cha Kathini, mama yangu, ni Kitheka, na Kitheka ndiye mimi, niliyeketi nyuma ya usukani katika soko la Kyuso, gari nimelizima, madirisha nimeyafungua, mbuzi watatu wamefungwa nyuma, majike wawili na beberu mmoja, na ng'ambo ya barabara, katika kibanda cha mabati kilichochorwa vichwa vya vijana ukutani, baba yangu amefunikwa shuka jeupe hadi shingoni, ananyolewa. Ananyolewa ili akapose. Tulipofika sokoni alisema simama, nikasimama, akasema siwezi kufika kwao na ndevu za matanga, nitaonekana kama nimekuja kulia, na sikuja kulia, nimekuja kuomba, akafungua mlango akashuka, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, mzee wa miaka sitini na minne anayeteremka garini kama kijana aliyechelewa... na huyu Musyimi kando yangu hanyamazi, mzee wa kanisa, rafiki yake baba tangu walipokuwa wakilala chini ya malori pale gereji ya Mtito Andei, ndiye msemaji wetu leo, anasema mwalimu, wakikuuliza usikawie, ukikawia kidogo tu wazee wa huku wanaingiza maneno katikati, sema moja kwa moja, wapokelewe, halafu ukae, mimi nitamalizia, na anasema beberu huyu ana mafua au ni vumbi la Mutomo, msikilize anavyopiga chafya, wasije wakasema tumewaletea mgonjwa, na mimi naitikia ndiyo mzee, ni vumbi, ni vumbi tu... nami ndimi niliyemchagua beberu huyo, mnadani Mukuyuni, karibu na shule ninayofundisha, nilitumwa kwa kuwa baba alitaka wanyama wasio na dosari, sikio lisilochanika, pembe isiyovunjika, na muuzaji aliponiona namkagua beberu meno akacheka, akaniuliza ni wa ntheo nini, nikasema ndiyo, ni wa ntheo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia hongera kijana, mbuzi wa ntheo ndio ndoa yenyewe, mengine yote ni sherehe, Mungu akupe mke mpole, nami nikasema amina, ningemwambia nini, ningemwambia mke mwenyewe ni mama yangu na ana siku kadhaa hajapumua... nikasema amina nikamfunga beberu kamba. Na hapa ndipo, sasa naona, hapa hapa, pale penye duka lililokuwa la rangi ya samawati na sasa ni la wakala wa simu, hapa ndipo baba alipokuwa akigeuzia gari. Kila Desemba alituleta, mimi na dada yangu Ndinda tukiwa tumebanwa kati yake na mama, tukitoka Mtito Andei gizani na malori ya Mombasa yakitupita kwa mingurumo, tukikata kulia Kibwezi, na enzi zile toka Kibwezi hadi Kitui hakukuwa na lami, ilikuwa ardhi nyekundu na mawe, mama akifunga kichwa kwa leso mbili, tukila viazi vitamu vilivyopoa, Ikutha, Mutomo, Kitui mjini tukinywa chai ya maziwa, kisha Mwingi, kisha vichaka vya kijivu visivyokwisha, na tukifika hapa baba alizima injini, akashusha mizigo, sukari, unga, blanketi moja jipya, akatununulia soda moja moja, akamwambia mama wasalimie, akageuza. Hakuwahi kuvuka duka lile. Nilidhani ana kazi. Watoto wote hudhani baba zao wana kazi. Mama alijitwika, sisi tukabeba vidogo, tukapanda njia ya miguu kuelekea kwa bibi, na siku moja nikamuuliza kwa nini baba hafiki, akasema baba yako hana mlango wa kuingilia kwetu, nikaangalia boma la bibi, nikaona lango ni pana, ng'ombe wanapita wawili wawili, nikadhani mama amekosea... Musyimi anasema barabara hii sasa ni nzuri mno, zamani ungefika Kyuso mgongo umevunjika, siku hizi hata bibi harusi angekuja na gauni lake lisichafuke, halafu anakumbuka, anakohoa, anatazama nje, na mimi nasema ndiyo mzee, barabara ni nzuri. Mlango ulikuwa mbuzi. Watatu, hawa, si zaidi ya hawa walio nyuma yangu wakitafuna kamba. Baba alikuwa ameokoka mwaka mmoja kabla ya kumpata mama, na mhubiri aliyewabatiza vijana wa gereji alikuwa amewafundisha kwamba ntheo ni agano na wafu, kwamba mbuzi aliyechinjwa mlangoni kwa wakwe ni damu juu ya damu ya Kristo, na baba, ambaye hajui kuamini nusu, aliamini yote, akapeleka Biblia ya Kikamba yenye jalada jekundu na mablanketi mawili, akafunga ndoa kanisani Mtito Andei kwa gauni la kuazima na keki ya sukari nyingi, na babu, baba yake mama, akairudisha Biblia kwa heshima na mablanketi kwa heshima, akasema sisi pia ni watu wa kanisa, kwetu pia kuna kengele, lakini binti ambaye mbuzi wake hawajalala zizini kwangu hajaolewa, ameazimwa. Ameazimwa... nilikuwa mkubwa nilipolisikia neno hilo, na aliyelitamka hakuwa babu, alikuwa mmoja wa mawifi wa mama, siku ya Ndinda. Nayo siku ya Ndinda inakuja yenyewe, siiti, ni hii njia inayoileta, kwa sababu waliokuja kumposa Ndinda nao walipita hapa hapa sokoni na mbuzi wao, badala ya kuja Mtito Andei kwa baba yake mzazi, kwani mwanamume asiyetoa ntheo ya mke hawezi kupokea ntheo ya binti, hivyo Ndinda alikuwa wa Kyuso, wa mjomba wake, na Mbaluka akapokea, na Ndinda akaulizwa mara tatu mbele ya wote, tuwapokee, akasema ndiyo, wakauliza tena, ndiyo, wakauliza tena, akacheka, ndiyo, na wanawake wakapiga vigelegele, na mama hakuwa miongoni mwao. Nilimkuta jikoni. Alikuwa akikuna nazi? Hapana, huku hakuna nazi, alikuwa akichambua ndengu, akitoa vijiwe, sinia juu ya magoti, na ndengu zile zilikuwa safi tayari, hazikuwa na kijiwe hata kimoja, na vidole vyake vilikuwa vikitafuta. Wifi yake akapita na sufuria, akasema kwa sauti ya utani ile isiyo na utani ndani yake, Kathini, binti amekupita, yeye ameolewa wewe bado umeazimwa, tukurudishe lini? Mama akasema rudisha sufuria ya watu kwanza, ndipo unirudishe mimi, na wote wakacheka, naye akacheka, na usiku... hapana, si usiku, ni siku nyingine, siku ya darajani, hiyo ndiyo sitaki. Hiyo ndiyo sitaki kuikumbuka hapa. Kinyozi anapaka povu. Baba ameinua uso kama mtoto anayeoshwa. Nitasema wapokelewe, na beberu atachinjwa, na majike watafunguliwa waingie zizini, na karatasi ya kumtoa mama mochari itasainiwa kwa amani, na kesho kutwa atalala nyumbani kwa baba Mtito Andei, kule juu karibu na mstari wa mihina, binamu zangu wanachimba sasa hivi, Mwau mdogo, aliyepewa jina la baba, amenitumia picha asubuhi, udongo mwekundu, jembe, shimo linafika magotini, na ujumbe, mwamba umeanza mapema kuliko tulivyodhani, tunaendelea. Shimo lililochimbwa haliachwi wazi. Nikisema lile jingine shimo lile litahitaji kitu, watazika shina la mgomba humo ili kaburi lisije likadai mtu, nimewahi kuona, nimeona wanaume wazima wakishusha mgomba kwa kamba taratibu kana kwamba una mifupa... nani atamfanyia baba hivyo, mtu gani atamsimamisha baba yake kando ya mgomba. Darajani ilikuwa Februari. Nilikuwa nikimpeleka Kyuso kusaidia kuvuna ndengu, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kumla vidole vya mguu wa kulia na hakuna aliyemhitaji shambani, alitaka tu kwenda, na tulipofika daraja la mto Athi akasema simama, nikasimama, akashuka na fimbo yake, akashika chuma cha daraja akayatazama maji, yalikuwa machache, ya kahawia, yakipita kati ya mawe kama yanayotafuta njia ya kurudi. Akasema bila kunitazama, "Nikifa, baba yako atawakumbuka mbuzi. Watu hukumbuka wakati huo. Na wewe ndiwe wa kwanza, utaulizwa wewe. Sema hapana." Nikacheka, nilicheka, Mungu wangu, nikamwambia mwaitu, mama yangu, maneno gani ya kusemea darajani, akasema tena, taratibu, kama anayemwelekeza mtoto dukani, "Nilale kwa mama yangu. Sema hapana." Nikamuuliza ni hasira, ni kwa sababu ya mbuzi watatu, miaka yote hii, baba ambaye hakukupiga, hakunywa, hakukuletea mwanamke nyumbani, na ndipo aliponitazama. "Sikutaka mbuzi, Kitheka. Mbuzi tulikuwa nao. Nilitaka kuulizwa." Akapanda gari. Tulipofika Ikutha akasema ana hamu ya ndizi, nikamnunulia ndizi... Na tangu siku ile nilingoja aifute. Nilimngoja hospitalini, kila nilipoketi kando ya kitanda nilisema sasa ataifuta, atasema yale ya darajani yalikuwa jua tu, mwachie baba yako, lakini aliuliza kama kuku wamefungiwa, aliuliza kama Ndinda amepata uhamisho, siku moja akanishika kidole nikainama, nikadhani ndiyo hiyo, akasema mto huu ni mgumu, nikambadilishia mto. Hakuifuta. Lakini hata kuirudia hakuirudia, je, si hoja hiyo, je, neno lililosemwa mara moja darajani na mwanamke mwenye sukari nyingi damuni lina nguvu gani mbele ya maisha mazima ya kumpikia mtu, kumfulia ovaroli za grisi, kuombea gari lake lirudi salama, si hayo nayo ni jibu, si hayo ni ndiyo iliyosemwa kila siku... hivi ndivyo nilivyojenga hoja toka Mtito Andei, tofali juu ya tofali, na hapo Mwingi tulipotia mafuta nilikuwa nimeezeka paa, nikasema wafu hawasikii, nikasema walio hai ndio wenye maumivu, nikasema baba atakufa nikimwaibisha mbele ya Mbaluka. Sikusema lililo chini ya tofali zote. Kwamba mama asipokuwa mke, mimi ni nani. Kwamba kile kipande nilichoonyeshwa na baba kule nyumbani, ambapo tembo wa Tsavo huvunja mahindi kila msimu na bado nakipenda, kipande kile kitakuwa cha nani, watoto wa mwanamke aliyeazimwa hurudi kwa mwenye kuazimisha, Ndinda alirudi, mimi nitakuwa Kitheka wa Mbaluka, mtu mzima, mwalimu wa Kiswahili, nikiomba mahali pa kujenga kwa mjomba. Kwa hiyo wapokelewe ni la kwangu pia. Nimelivika nguo za baba, nikalifunika kwa huruma, lakini nikilivua ni la kwangu... Musyimi ananiuliza kama nimelala, anasema usilale mwalimu, wewe leo ndiwe bibi harusi, anacheka kwa pua, mzaha wake mwenyewe umemfurahisha, anasema nimeona ndoa nyingi lakini sijaona bibi harusi mwenye masharubu, na mimi natabasamu kwa kuwa ni mzee na ametoka mbali kwa ajili yetu. Kinyozi ni kijana wa rika langu pengine, sauti yake ni kubwa kuliko redio yake, kuna wawili wanaongoja zamu kwenye benchi, mmoja anakula muwa, na kinyozi anakung'uta povu chini, anasema kwa Kiswahili kile cha sokoni kwamba huyu mzee ngozi yake bado ni ya kijana, halafu anawatazama mbuzi ndani ya gari letu, anamtazama baba kwenye kioo.

"Mzee, kwani unaoa?"

Wale wa benchi wanacheka. Natamani baba asijibu, nashika kitasa cha mlango, nataka kuvuka nimwambie kijana huyu anyoe anyamaze, lakini baba anajibu, na sauti yake naifahamu, ni ile anayotumia akiulizwa gari lina ugonjwa gani, ya mtu asiyetaka kumdanganya mteja.

"Naenda kuposa."

"Wacha! Msichana wa nani huku kwetu?"

"Wa kwa akina Mbaluka. Kathini."

Wa muwa anasema wazee wa siku hizi hawalali, mwenzake anasema mwache, ana mbuzi wake, wewe una nini, na kinyozi ameshika wembe hewani, anafurahi, siku yake imepata hadithi, hajui, ni kijana, wa huku wote waliomjua Kathini ni wazee, kwake ni jina tu la msichana fulani mlimani.

"Na amekubali?"

Baba anajitazama kwenye kioo, redio imemaliza wimbo na kuanza mwingine, na Musyimi hasikii, yuko kwenye mafua ya beberu tena, mimi peke yangu nasikia.

"Sijui," baba anasema. "Sijawahi kumuuliza."

...sijawahi kumuuliza. Alijua. Wakati wote huo alijua lilipokuwa jeraha, alilizunguka kama fundi anavyolizunguka lori ambalo anaujua ubovu wake na hana kipuri, hakuwa mjinga wa mbuzi, hakuwa mtumwa wa mhubiri, au alikuwa, kisha hakuwa tena, na kwa miaka mingapi alikaa mezani pake akila ugali wa mwanamke ambaye yeye hakumuuliza, akiona haya kuuliza kwa kuwa kuuliza ni kukiri kwamba hakuuliza... na sasa anasema sijui, kwa kinyozi, mbele ya mtu anayekula muwa, na hasemi sijui kwa mzaha. Hakuja kulipia maiti. Nilidhani amekuja kununua amani, nilidhani wote tunajua jibu na tunakwenda tu kulitamka, Musyimi anajua, Mbaluka anajua, mimi nimelifanyia mazoezi barabara nzima, wote tumekwisha kumjibia mama, na mtu pekee katika safari hii ambaye hajui jibu, ambaye amenyoa ndevu kwa sababu hajui, ni yule tuliyemwonea huruma. Kijana aendaye kuposa hunyoa kwa kuwa anaweza kukataliwa. Asiyeweza kukataliwa hana haja ya wembe. Basi nikisema wapokelewe nitakuwa nimefanya nini, nitakuwa nimesimama kati yao tena, kama mhubiri alivyosimama, kama babu alivyosimama na Biblia mkononi kuirudisha, mwanamume mwingine anayejua vizuri zaidi Kathini alitaka nini, na swali la baba, la kwanza maishani mwake, litaanguka kwangu, litakufa kwangu, halitamfikia. Aliulizwa, hatimaye, mwaitu, umeulizwa, amekuja na ngozi yake ya kijana na mbuzi wasio na dosari anakuuliza, na wewe jibu ulikwisha kunipa, uliniachia mimi kwa kuwa ulijua hutakuwapo, na mtu hawezi kupewa barua akaibadilisha njiani eti kwa sababu mpokeaji ni baba yake na atalia. Atalia. Mbaluka atashika kichwa. Musyimi atasema mtoto amerukwa na akili, ni uchovu wa safari, muulizeni tena, na wataniuliza tena, ni desturi, mara tatu, na mara tatu itanipasa kulisema, na mgomba utashushwa kwa kamba, na kipande kile chenye nyayo za tembo kitakuwa cha mtu mwingine, na labda hata gari hili halitanirudisha, nitalala Kyuso kama mtoto aliyerudishwa. Naogopa. Nimeushika usukani na usukani haufanyi chochote, hauendi popote. Lakini sitawajibu wazee. Hilo nimeliona sasa. Wao watauliza, ila aliyeuliza ni yeye, na anayeuliza bila kujua anastahili kutazamwa usoni, sitamtazama Mbaluka, sitatazama chini kama bibi harusi, nitamtafuta baba pale atakapokuwa amesimama, atakuwa kwenye kivuli cha ghala, anapenda kusimama penye kivuli, na nitamwita kama mama alivyomwita walipokuwa peke yao jikoni wakidhani tumelala, kwa jina lake, si baba Kitheka, si mzee, na nitamwambia alichongoja kuambiwa bila kujua anakingoja, kwa upole, bila hasira hata tone, hapana, Mwau, hapana, lakini umeuliza vizuri... Musyimi anasema anachukua muda mrefu huyu kinyozi, jua linapanda, tutawakuta wazee wamekwisha kukaa, nami nasema mwache mzee, mwache anyolewe vizuri, na ng'ambo ya barabara kijana anaushika uso wa baba kwa vidole viwili, anaugeuza, anaanza shavu la pili.